Makasha 50 ya Udongo

Anayesoma riwaya ya Dracula kwa mara ya kwanza huwa na lalamiko moja: mnyonya damu mwenyewe yuko wapi? Sura nne za mwanzo, kule kasrini Transylvania, zinasisimua. Kisha Dracula anaadimika, na kurasa zinajaa barua, shajara, telegramu na vipande vya magazeti. Niliiweka kando hapo hapo. Kilichonirudisha ni kukaa mpakani Namanga na kuwatazama mawakala wa forodha wakikimbizana na makaratasi ya malori.

Mwandishi wake, Bram Stoker, alikuwa karani wa serikali Dublin kabla ya kwenda London kusimamia ukumbi wa maigizo wa Lyceum. Mwaka 1879 alichapisha mwongozo wa kazi za makarani wa mahakama ndogo za Ireland. Dracula ilitoka 1897. Kitisho chake kimetokana na ukarani huo.

Tazama Dracula anavyoingia Uingereza. Hawezi kupumzika bila udongo wa kwao, kwa hiyo anausafirisha: makasha 50, kwa merikebu Demeter, kutoka Varna hadi Whitby. Mabaharia wanapotea mmoja mmoja, nasi tunayapata hayo katika daftari la nahodha, ambaye anakutwa maiti, mikono imefungwa kwenye usukani. Sehemu hiyo kila mtu huisifu. Mimi hunitisha zaidi barua mbili zinazofuata baadaye. Wakili wa Whitby anaiandikia kampuni ya uchukuzi kuwa makasha 50 yanakuja London kwa reli; anaambatisha hundi ya pauni 10 na kueleza yawekwe wapi. Kampuni inajibu kwa adabu: mzigo umefikishwa, na chenji yenu hii hapa, pauni 1, shilingi 17 na peni 9. Hakuna neno hata moja la kuogofya. Wamerudisha hadi peni, na mnyonya damu keshaingia mjini kihalali.

Msomaji wa Namanga, palipo na kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi 2018, haambiwi mara mbili. Nyaraka zikiwa sawa, lori linashika njia ya Kajiado na Kitengela.

Hata mnyonya damu wa masimulizi ya kwetu, mumiani, enzi za mkoloni hakuvaa joho. Katika masimulizi ambayo mwanahistoria Luise White aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 2000, mara nyingi ni mzimamoto, mtu mwenye ajira na gari la kazi.

Zaidi ya makaratasi ya mizigo, Stoker ana mbinu ya pili: karibu kila mhusika mkuu anaweka kumbukumbu isipokuwa Dracula. Mina, mmoja wa wahusika hao, anazikusanya zote na kuzipiga chapa, nakala zaidi ya moja. Dracula anapowavamia, anachoma maandishi yao pamoja na silinda za nta zilizorekodi sauti ya mwenzao, Dakta Seward. Nakala moja inabaki kwenye sefu.

Hotuba za Profesa Van Helsing, anayewaongoza kumwinda Dracula, hata hivyo, bado naziruka.