Rili ya Kale Kwenye Meza ya Fundi Saa

Chombo kinachofunguka kwa vidole, bila bisibisi, kimetengenezwa na mtu aliyemheshimu atakayekimiliki. Ndivyo zilivyo rili za Kiswidi za Ambassadeur za miaka ya 1950 na 1960. Ubavuni zina skrubu zenye vichwa vilivyochongwa mikwaruzo, unazilegeza kwa kidole gumba na cha shahada, bobini inatoka, na mashine yote iko wazi mbele yako. Zilikuwa zikiuzwa ndani ya kifuko cha ngozi, na humo kiwanda kilikuwa kimeweka oili, spana ndogo na vipuri vya akiba. Waliojenga rili hizo walijua kwamba chuma kitachakaa, na waliamini kwamba mwenyewe ataketi na kukirekebisha. Sijui sifa kubwa zaidi ya hiyo ambayo kiwanda kinaweza kupewa.

Kwa asiyeijua, rili ya aina hii ni bobini iliyokaa kukingama juu ya fimbo ya kuvulia, mshipi ukiwa umezungushwa juu yake. Mvuvi anapotupa chambo, bobini yenyewe inazunguka kwa kasi kuutoa mshipi, na dole gumba linaigusa kidogokidogo isizidi mwendo. Ikizidi, inatoa mshipi mwingi kuliko unaovutwa na chambo, na kufumba na kufumbua una msokotano ambao utaufumua hadi jua lipande. Wakati wa kurudisha mshipi, gurudumu kubwa la meno linasukuma dogo, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mkono wa rili unazaa zaidi ya mizunguko mitatu ya bobini. Mbele yake kuna kitembezi, kidude kinachokwenda kushoto na kulia kuupanga mshipi ulale sawasawa. Kazi zote hizo zinafanywa ndani ya kitu kinachoenea kiganjani.

Usahihi unaotakiwa na kazi hizo ulitoka kwenye ufundi wa saa. Katika historia ya rili hizi jina linalotangulia ni la George Snyder, fundi saa wa mji wa Paris katika jimbo la Kentucky, Marekani, aliyetengeneza rili zake mwanzoni mwa karne ya 19. Baada yake, mjini Frankfort katika jimbo hilohilo, wakaja ndugu wawili, Jonathan na Benjamin Meek, nao mafundi saa. Katika rili za Kentucky kila skrubu ilitengenezwa kwa ajili ya tundu lake, ikapigwa namba, na tundu likapigwa namba hiyohiyo. Ukiibadilisha na jirani yake haikai. Kisha mwaka 1921, huko Svängsta kusini mwa Uswidi, kikaanzishwa kiwanda kilichoitwa AB Urfabriken, yaani kiwanda cha saa. Kilianza na saa za mfukoni, kikaingia kwenye mita za teksi, na Vita Kuu ya Pili vilipoua soko la mita hizo kikageukia rili. Humo ndimo ilimozaliwa Ambassadeur 5000, mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba hapa kwetu, kutoka Iringa hadi Mbeya, mahali pa haki pa kufufulia rili ya kale ni meza ya fundi saa. Si gereji, na wala si duka la vifaa vya michezo, hata kama lingekuwapo.

Rili hizi si nyingi Nyanda za Juu Kusini. Mvuvi wa Bwawa la Mtera anategemea nyavu, wa Matema kando ya Ziwa Nyasa ana mtumbwi wake, nyavu na mshipi wa mkono. Rili ziliingia mikononi mwa wageni waliokuja kwa kazi nyingine: watu wa mashamba ya chai ya Mufindi na Tukuyu, wamisionari, wahandisi wa mabwawa. Tukumbuke kwamba Uswidi iliweka fedha na utaalamu mwingi kwenye umeme wa Mto Ruaha Mkuu katika miaka ya 1970, kwanza Kidatu, kisha Mtera. Mtu aliyekaa mwaka mzima kando ya mto, na kwao uvuvi wa fimbo ni jambo la kila kijiji, hakuja mikono mitupu. Walipoondoka waliwaachia vitu wapishi wao, madereva, makarani, marafiki. Nyingi ya rili nilizozishika mimi zilikuwa zimelala kabatini kwa wazee wa namna hiyo, au zimefika Soko la Sido pale Mwanjelwa, Mbeya, ndani ya sanduku moja na mabomba na vitasa vya milango.

Rili iliyolala miaka thelathini haikufa. Mara nyingi tatizo lake ni grisi tu: imekauka ikawa ngumu kama nta, imeshika meno ya gia, na mtu anayeuzungusha mkono kwa nguvu anadhani ndani kumevunjika. Hapo ndipo subira inapoanza. Fundi mzuri haanzi kwa kufungua, anaanza kwa kusikiliza. Anauzungusha mkono polepole, sikio karibu, atambue kama kinachokwaruza ni gia, kitembezi au ncha za bobini. Kisha anatandika kitambaa cheupe na kuvipanga vipande kwa mpangilio ule ule vilivyotoka, kushoto kwenda kulia, washa baada ya washa, kila kimoja kikitazama upande kilioutazama. Wapo wanaopiga picha kwa simu. Ni vizuri, ila mafundi niliowaona na kuwaheshimu zaidi wanatandika kitambaa hata wakiwa na simu, kwa sababu kipande kilichogeuzwa chini juu hakionekani pichani.

Shaba inasafishwa kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Kutu ya kijani inatolewa kwa kijiti cha mwanzi, si kwa bisibisi, maana bisibisi inaacha alama na alama hiyo italia kila gia inapopita. Mabamba ya alumini yaliyotiwa rangi, ile nyekundu inayopendwa sana, hayataki soda wala dawa ya kufulia yenye ukali. Rangi ile imo kwenye ngozi ya chuma chenyewe, ikitoka hairudi. Na msasa usikaribie kabisa. Nimeona rili zilizong'arishwa mpaka zikameta, kromu imetoka, herufi za kiwanda zimefutika. Waliozing'arisha walidhani wamezifufua. Mikwaruzo ya ubavuni iliyotokana na mawe ya mtoni ni sehemu ya umri wa chombo, na fundi mwenye adabu anaiacha.

Kinachochakaa kwanza karibu kila mara ni ulimi wa kitembezi. Ndani ya mrija ulio mbele ya bobini kuna skrubu yenye mifereji miwili inayopishana, mmoja unaokwenda na mwingine unaorudi. Ulimi mdogo, mfupi kuliko kucha ya mtoto, unatembea ndani ya mfereji, na ukifika mwisho unageuka wenyewe kuingia mfereji wa pili. Hakuna umeme wala springi inayouongoza, umbo la mfereji linatosha. Ulimi ukilika, unaruka njia panda, kitembezi kinakwama upande mmoja na mshipi unarundikana. Kiwanda kilijua hivyo, na ndiyo maana ulimi wa akiba ulikuwa miongoni mwa vipuri ndani ya kile kifuko cha ngozi. Siku hizi kifuko kimepotea. Basi fundi saa anakibana kioo chake jichoni, anachukua kipande cha shaba ngumu, na kwa tupa nyembamba anachonga ulimi mwingine, akiujaribu kila baada ya mapigo machache. Akipunguza kidogo mno, unakwama. Akizidisha, unaruka. Nikimtazama mtu akifanya kazi hiyo huwa sizungumzi, na nadhani hakuna anayestahili kumsemesha.

Kuna vitu vinavyomshinda fundi saa, na hapo Mbeya ina bahati. Malori ya barabara ya Tunduma yamelea wakereza hodari, watu wanaokereza bushi na pini tangu asubuhi. Bushi ya ncha ya bobini ni ndogo mno ukilinganisha na ya lori, lakini mkono uliozoea kipimo haupotei. Nimeona mkereza akikataa malipo ya kazi ya namna hii kwa sababu imempa raha kuliko kazi zote za wiki. Simsifu kwa kukataa fedha, maana fundi anapaswa kulipwa, ila nakumbuka uso wake.

Sasa kuhusu kuboresha. Hapa watu hugombana, na mimi nina upande. Wapo wanaosema rili ya kale ibaki kama ilivyotoka kiwandani, hata zile washa za asili kwenye breki inayomzuia samaki. Nakubali kwa rili ya kuwekwa kwenye kabati la kioo. Lakini rili itakayorudi majini inastahili kupewa nguvu inayolingana na mishipi ya leo, na kiwanda chenyewe kilikwenda njia hiyo: matoleo yenye herufi C yalitiwa beringi za gololi mahali pa bushi. Washa za kaboni zinashika kwa ulaini kuliko za zamani, haziungui samaki anapokimbia wala hazinyonyi maji. Mkono wa rili ulio mrefu kidogo unapunguza uchovu. Masharti yangu ni mawili. La kwanza, usitoboe wala kukata kitu cha asili. Kila ulichoongeza kiweze kutolewa, na kilichotoka kihifadhiwe ndani ya kibahasha pamoja na rili, ili atakayekuja baadaye aweze kuirudisha. La pili, usiboreshe sehemu moja ukasahau nyingine. Ukitia beringi nyepesi, bobini inazunguka haraka zaidi, na vipande vidogo vya breki ya bobini, vinavyotupwa nje na mzunguko ili visugue pete ya chuma, vinaweza kuzidiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia fedha nyingi kuiboresha rili kisha akajikuta anafumua msokotano kila anapotupa.

Mafuta nayo yana mahali pake. Tone moja la oili nyepesi kwenye kila ncha ya bobini, utando mwembamba wa grisi kwenye meno ya gia, na pete ile ya breki ya bobini ibaki kavu. Vitabu vya nchi nyingine vinapendekeza grisi nzito, lakini waandishi wake hawajavua Mufindi mwezi Julai alfajiri, umande ukiwa umeganda kwenye majani ya chai. Baridi ile inaifanya grisi nzito isimame, na bobini inakuwa nzito kabla jua halijapanda. Kwa nyanda hizi tumia nyepesi, na uirudie mara nyingi zaidi.

Kazi yote hii ina maana kwa sababu maji yetu yana samaki wanaoistahili. Vijito vya Mufindi viliwekwa trauti, ingawa samaki huyo anataka rili ya aina nyingine, nyepesi. Rili ya bobini ni ya samaki mwenye nguvu. Mito ya Mnyera na Ruhudji inaanzia kwenye vilima vya Mufindi na Njombe, inashuka hadi bonde la Kilombero, na huko chini anaishi Hydrocynus tanzaniae, samaki wa meno yanayopishana kama ya mtego, anayeruka nje ya maji akihisi ndoana. Wataalamu walimpa jina hilo la nchi yetu mwaka 1986, na wavuvi husafiri kutoka mabara mengine kuja kumtafuta. Upande wa Kyela yuko mbasa wa Ziwa Nyasa, mwepesi, mwenye rangi ya fedha, ambaye mvua zinapojaza mito hupanda Kiwira, Mbaka na Songwe kwenda kutaga. Mbasa wamepungua sana, na nyavu zinazotegwa kwenye midomo ya mito wakati wa kupanda ni sababu kubwa. Mwenye rili anakamata mmoja, anamwona kama ana mayai, na anaweza kumrudisha majini akiwa hai. Wavu uliofunga mto hauna uchaguzi huo.

Kinachonitia hofu si rili kuisha. Chuma kile kitadumu kuliko sisi. Mafundi saa ndio wanaoisha. Simu ya mkononi imewanyang'anya wateja, saa za bei rahisi hutupwa badala ya kutengenezwa, na wengi waliobaki, Iringa na Mwanjelwa pia, ni wazee wanaobadilisha betri na mikanda kutwa nzima. Wakiondoka, wataondoka na tupa zao nyembamba na vile vioo vya jichoni, na hakuna chuo hapa nchini ninachokijua kinachofundisha mkono ule kama walivyofundishwa wao, kwa miaka ya kukaa kando ya bwana wao.

Basi ndugu msomaji, kama kabatini kwa babu yako kuna rili ya zamani, usiisugue kwa msasa wala usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Ipeleke kwa fundi saa wa mjini kwenu mwaka huu, mlipe kama kazi ya siku nzima na si kama kubadilisha betri. Na kama nyumbani kuna kijana mwenye mkono uliotulia, mwambie aende nawe, na umwombe mzee amruhusu akae pale kwenye benchi aangalie.