Nusu Kinanda, Nusu Honi: Sauti ya Mchiriku Ilivyotengenezwa

Wakusanyaji wa vinanda vya zamani wana orodha yao ya heshima, na Casio ndogo haimo, au ikiwamo iko mkiani. Juu kabisa wanaiweka Minimoog ya 1970, inayotoa noti moja tu kwa wakati mmoja na bado watu wanaigombania kama shamba la mikorosho. Inafuata Yamaha DX7 ya 1983, noti 16 kwa mpigo, iliyojengwa juu ya ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Sina ugomvi na mashine hizo. Lakini ukiniuliza ni kinanda gani cha umeme kilichobadilisha muziki wa uswahilini Tanzania, sitaitaja hata moja. Nitataja kile kidude cha plastiki chenye vibonyezo vyembamba kuliko kidole cha mtu mzima, kile kilichoubeba mchiriku.

Mchiriku ulitoka kwenye ngoma za sherehe za Wazaramo, ukakulia vichochoroni mwa Dar es Salaam na kusambaa kwa kanda katika miaka ya 1990. Wastaarabu waliuita uhuni. Kundi lililoufikisha mbali ni Jagwa Music, lililoanzishwa 1992. Albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa 2012 na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, na wakaenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Vyombo vyao vinahesabika haraka: ngoma kadhaa, mwimbaji, Casio ndogo, amplifaya kuukuu na spika ya honi.

Honi haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Chiola, wala wa kijiji kingine chochote cha Nachingwea na Ruangwa. Ndiyo iliyo juu ya msikiti, ndiyo inayofungwa kwenye gari la mkutano wa hadhara. Ni kali, inaongea kwa puani, inafika mbali. Ninachotaka kukichambua hapa ni kwa nini Casio ya bei poa ikipita kwenye honi hiyo inatoa muziki, wakati kinanda kikubwa cha kisasa kikipita humo humo kinatoa fujo.

Tuanze na honi yenyewe. Kwa kawaida haipitishi vizuri masafa yaliyo chini ya hezi 300 au 400, na juu huanza kuchoka baada ya hezi 5,000 au 6,000. Maana yake besi haipo. Piga noti ya La ya hezi 110 kwa mkono wa kushoto, honi itaitupa. Lakini noti haiji peke yake. Inakuja na watoto wake: 220, 330, 440, 550, 660 na kuendelea. Honi inawapitisha wale wa kuanzia 330, na sikio, likiona wanapishana kwa hatua za 110, linamrudisha mzazi ambaye hayupo. Unasikia besi ambayo spika haikuitoa. Haina unene wa kutikisa kifua, lakini wimbo unaeleweka.

Sasa mlete amplifaya kuukuu aliyefunguliwa sauti hadi mwisho. Akizidiwa, anakata vichwa vya mawimbi, na wimbi lililokatwa kichwa huzaa watoto wengi zaidi. Fundi wa redio anaita hilo kasoro. Mpiga mchiriku alilihitaji, kwa sababu watoto hao ndio wanaopenya kwenye honi na kuishi. Sauti nyororo kama filimbi, ambayo karibu nguvu yake yote iko kwenye mzazi, ingekufa kwenye noti za chini. Casio za wakati ule zilikuwa na sauti za ogani zenye kingo kali, mawimbi ya kidijitali yenye ngazi ngazi, kwa hiyo zilianza na watoto tele hata kabla ya amplifaya kuongeza wake.

Kuna gharama, na hapa ndipo ufundi wa mpigaji unapoonekana. Amplifaya aliyezidiwa akipewa noti mbili kwa pamoja, anatoa na tofauti yao na jumla yao. Mpe 300 na 450, anaongeza 150, ambayo ni oktava moja chini ya 300. Hiyo inakaa vizuri na noti zenyewe. Mpe noti mbili zilizo jirani, tuseme 400 na 424, anaongeza mngurumo wa 24 na uchafu mwingine juu yake. Mpe kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, tuseme nne, kila jozi inazaa vyake, na ndani ya sekunde hujui wimbo uko wapi. Sikiliza mchiriku kwa makini utaona kinanda kinakimbia zaidi kwa noti moja moja, vifungu vifupi vinavyorudiwa na kugeuzwa kidogo, vikijibizana na mwimbaji. Wapo wanaosema ni kwa sababu wapigaji hawakujua kodi. Mimi nasema vifaa vyenyewe viliadhibu kodi na kuzawadia mstari mmoja, na wapigaji wenye masikio walifuata zawadi.

Ngoma nazo zilichukua nafasi iliyoachwa wazi. Honi haina besi, ngoma kubwa iliyowambwa vizuri inayo, tena haihitaji waya. Kwa hiyo kila chombo kilikuwa na chumba chake: chini ngoma, katikati na juu kinanda na mwimbaji. Studio nyingi hulipia mtaalamu wa kuchanganya sauti ili zipangwe hivyo.

Usidhani nadharau uwezo wa mashine hizi. Chukua Casio SK-1 ya 1985, ambayo wakusanyaji sasa wanaisaka. Ina vibonyezo 32 vidogo, noti nne kwa mpigo, na inarekodi sauti ya nje kwa sekunde 1.4 tu, biti 8, sampuli 9,380 kwa sekunde. Kwa kanuni ya sampuli, haiwezi kubeba masafa yanayozidi nusu ya hiyo, yaani kama hezi 4,700. Mwenye spika za studio atasikitika. Mwenye honi hapotezi karibu kitu, maana honi nayo inachokea jirani na hapo. Halafu mashine nzima inakula betri ndogo tano. Kijijini ambako umeme ulichelewa, hilo peke yake lingetosha kuishinda Minimoog.

Si sisi tu tuliogundua hazina hiyo. Mwaka 1985 kule Jamaika, Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy walichukua mdundo uliokuwa tayari ndani ya Casio MT-40 wakatoa wimbo wa Sleng Teng, na rege ikageuka kuwa ya kidijitali. Mdundo wenyewe ulitungwa Japani na mwajiriwa wa Casio, Hiroko Okuda.

Singeli, ule muziki wa kasi, ilipokuja, watu wakasema kinanda kimekufa. Kimehamia kwenye kompyuta. Vijana wa Dar es Salaam kama Sisso na Jay Mitta, ambao kazi zao zilitoka 2017 kwenye mkusanyo wa Sounds of Sisso wa Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wanafanya kazi kwa programu, lakini sheria wanazokutana nazo ni jamaa wa zile za mchiriku. Kasi ya singeli hucheza kati ya midundo 200 na 300 kwa dakika. Kwenye 300, kila mdundo una sekunde 0.2. Ukiugawa mara nne, kila kipande kina milisekunde 50. Sauti ya vinanda vya nyuzi inayochukua milisekunde 150 kupanda itafika vipande vitatu vikiwa vimeshapita. Ni sauti inayoanza papo hapo tu, kama ile ogani kali ya Casio, inayowahi.

Na ile sauti ya kitoto, ya juu juu, inayosikika kwenye singeli nyingi? Hesabu yake ni fupi. Chukua kipande cha taarabu cha midundo 140, kikimbize hadi 210 bila kufunga toni. Umekizidisha kwa 1.5, na toni inapanda nusutoni saba. Kinanda kilichopigwa na mtu mzima aliyetulia kinatoka kama kimepigwa na mdoli. Ukitaka toni ibaki pale pale programu inaweza, lakini inakatakata sauti na kuiunga, na kwa kasi hizo viungo vinasikika. Wengi wameacha toni ipande, na naona wamechagua vizuri.

Kwa mpigaji wa huku anayetaka sauti hiyo kwa kinanda kipya, ushauri wangu ni wa kupunguza. Zima mwangwi. Tumia tundu la mono, kwa sababu honi ni moja, na sauti za stereo zilizotandazwa zikiunganishwa kuwa moja huweza kufutana zenyewe. Chagua ogani isiyo na mapambo, kata besi chini ya hezi 300 uziachie ngoma, piga noti moja moja, kisha mzidishie amplifaya mpaka akorome kidogo. Kinanda cha kisasa kinashindwa kwenye honi kwa sababu sauti zake zimepambwa kwa ajili ya spika mbili safi.

Mkusanyaji anayenunua Casio ya mchiriku bila amplifaya na honi yake amenunua nusu ya chombo. Namshauri pia asikimbilie kuibadilisha iwe mpya. Vibonyezo visivyoitika mara nyingi ni vumbi kwenye vipira vya kaboni, na spiriti kidogo inatosha. Kutu kwenye nyumba ya betri hukwanguliwa. Kitu kimoja tu hakisameheki: Casio nyingi za miaka ya 1980 zinataka adapta yenye hasi katikati, na adapta nyingi za siku hizi zina chanya katikati. Kabla hujachomeka, soma mchoro ulio kando ya tundu.