Ford Iliyozunguka Polepole

Mwaka 1930 Weston Farmer, mhariri wa jarida la Marekani liitwalo Modern Mechanics, alishikilia kwamba injini ya gari si kitu cha kurushia ndege. Bernard Pietenpol, fundi aliyejifundisha mwenyewe katika kijiji cha Cherry Grove, Minnesota, alimjibu kwa kumpelekea ndege mbili zinazoruka, zote zikivutwa na injini ya Ford Model A. Kisa hicho husimuliwa kama sifa ya mikono ya fundi. Kwangu, sifa kubwa ni ya jicho lake. Kazi ngumu ilikwisha siku alipochagua injini, kabla hajashika spana.

Model A ina silinda nne, ujazo wa lita 3.3, na nguvu za farasi 40 tu. Vigari vingi vya leo vinaizidi mara mbili. Ila Ford ile hutoa hizo 40 ikiwa kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, na namba hii ndiyo ya kutazama. Pangaboi la mita 1.9, kadiri ya lile la ndege yake, Air Camper, likizunguka hivyo, ncha zake hukimbia mita 220 hivi kwa sekunde, chini kabisa ya mwendo wa sauti, ulio karibu 340. Lifunge moja kwa moja kwenye injini ya kisasa inayotoa nguvu zake kwenye mizunguko 5,500, na ncha zitatakiwa kupita mita 540. Hapo nguvu huishia kwenye kelele na kuitikisa hewa, ndege ikibaki haivutiki. Ukilikata pangaboi mpaka ncha zitulie, unabaki na kijipande kisichofika mita moja, kinachosukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa. Ndege ya mwendo wa pole inataka kinyume chake: hewa nyingi, isukumwe taratibu.

Basi weka gia au mkanda wa kupunguza mizunguko, atasema mtu. Inawezekana, na wapo wanaoruka hivyo na injini za Subaru. Lakini tazama kinachotokea ndani. Kila silinda inapowaka huipiga kranki teke, na mwisho wa mfumo kuna pangaboi zito lisilopenda kubadili mwendo ghafla. Katikati, shafti hujikunja na kujikunjua kama springi. Kwenye mizunguko fulani mateke huangukia sawasawa na mpigo wa springi hiyo, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake, na meno ya gia huanza kulika. Garini, springi za klachi na mpira wa matairi humeza misukosuko hiyo. Kwenye ndege mjenzi lazima aitafutie dawa mwenyewe, na hesabu zake si za gereji.

Wengine huleta ushahidi wa barabarani: injini hizi hutembea kilomita laki tatu bila kufunguliwa. Kweli, lakini kwenye tambarare gari hutumia sehemu ndogo ya nguvu zake. Ndege hupaa mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, kisha huenda saa nzima kwenye robo tatu ya nguvu. Injini isiyochemsha mjini huweza kuchemsha angani. Ndiyo maana rejeta ya Air Camper imesimama juu ya injini, mbele ya macho ya rubani kabisa. Ni mbaya kwa sura, na inaziba njia, lakini inapata upepo.

Pingamizi lenye uzito, kwa maana zote mbili, ni kilo 110 hivi za Ford yenyewe kwa farasi 40. Hapa Pietenpol alilipa kwa upande mwingine: bawa pana la mita za mraba 13 hivi, la mbao na kitambaa, na mwendo wa kuridhika nao. Miaka ya 1960 alihamia Chevrolet Corvair, injini ya silinda sita inayopozwa kwa hewa, nyepesi zaidi, bila rejeta, na bado pangaboi likafungwa kwenye kranki bila gia. Waliomfuata wakaiweka kwenye ndege za kasi zaidi, na kranki kadhaa zikapasuka, kwa kuwa kila ndege inapogeuka ghafla pangaboi hulipinda shina lake. Walioamua kubaki bila gia wakaongeza beringi moja mbele, karibu na pangaboi.