Fundi wa Miteremko na Mchanga

Tetemeko la ardhi likipita Bujumbura, haliwakuti watu wote juu ya ardhi ya namna moja. Kiriri iko mlimani, ambako udongo waweza kuporomoka. Gatumba iko tambarare, mto Rusizi unapoingia Ziwa Tanganyika, na huko cha kuogopwa ni mchanga uliolowa: ukitikiswa sana hulegea kama uji. Hofu hiyo si ya vitabuni. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa hilo, likabomoa nyumba Kalemie, ng'ambo ya pili ya ziwa.

Mchoraji wa ramani ya hatari hufungua QGIS, programu ya bure, na kuanza na mwinuko wa ardhi. Vipimo hivyo vilichukuliwa kwa rada na chombo cha anga Endeavour Februari 2000. Ardhi imegawanywa miraba, kila mmoja una upande wa mita 30 hivi. Programu hulinganisha mraba na majirani zake, ikatoa ukali wa mteremko. Ni kazi ya dakika chache, na wapo wanaoishia hapo.

Fundi haishii hapo. Anajua kwamba kingo za mto Ntahangwa, zilizoliwa na maji hadi zikasimama kama ukuta, ni nyembamba kuliko mraba huo. Kompyuta huzisawazisha, ukuta ukaonekana mteremko wa kawaida. Basi huketi na picha za setilaiti, akifuata ukingo kwa mkono, nukta baada ya nukta. Milimani hutafuta makovu ya maporomoko ya kale: juu mkato wa umbo la mwezi mchanga, chini uvimbe, katikati migomba imestawi kana kwamba hapakuwahi kutokea kitu. Mimi ningechoka kwenye kovu la kumi.

Kwenye tambarare, fundi hufuata mikondo iliyoachwa na Rusizi, maana mto ukihama huacha mchanga. Kina cha maji ya chini hukiuliza visimani, setilaiti haikijui.

Kisha huja swali gumu: kovu hili ni la tetemeko au la mvua? Usiku wa kuamkia 10 Februari 2014, mvua pekee ilishusha maji na tope kaskazini mwa jiji, Gatunguru ikiwemo, wakafa watu zaidi ya 60. Fundi mwaminifu hachanganyi mawili hayo, na huandika pembeni mwa ramani mwezi inaouhusu. Mteremko mkavu wa Agosti si ule uliolowa wa Aprili, na ramani isiyotaja msimu mimi siiamini.