Ala Kwanza, Bastola Baadaye: Mwongozo wa Kupima Silaha Inayofichwa Mwilini

Bastola ya kujihami, yaani silaha fupi ya moto inayobebwa chini ya nguo, huhukumiwa na wengi kwa umbo lake, kwa jina la kiwanda chake na kwa idadi ya risasi inazomeza, lakini mjuzi huanza na ala, ule mfuko mgumu unaoishika kiunoni, kwa kuwa silaha hiyo hulala humo karibu maisha yake yote, na kwa kuwa kosa la mkono wakati wa kuitoa au kuirudisha ndilo linalompeleka mbebaji hospitali akiwa na jeraha la paja alilojipiga mwenyewe. Bastola ya wastani ndani ya ala nzuri ni silaha salama kuliko bastola bora iliyochomekwa tu kwenye suruali.

Mjini Bunia, katika jimbo la Ituri la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upimaji huo hauwezi kutenganishwa na haki ya kubeba. Amri yenye nguvu ya sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, ambayo ndiyo msingi wa utaratibu wa silaha na risasi nchini Kongo, haimruhusu raia kumiliki silaha ya moto bila kibali, na tangu tarehe 6 Mei 2021, Ituri na Kivu Kaskazini zilipowekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, maafisa wa jeshi na polisi walichukua nafasi za watawala wa kiraia huku mahakama za kijeshi zikikabidhiwa kesi za jinai za raia. Watu wanaohusika na mwongozo huu, basi, ni wachache: polisi asiyevaa sare, afisa, mlinzi wa mtu, na raia nadra ambaye karatasi zake zimekamilika. Tena silaha iliyofichwa ina sifa mbaya katika mji huu. Juni 2003 kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoitwa Artemis, kikiongozwa na Ufaransa kwa idhini ya azimio namba 1484 la Baraza la Usalama, kilitaka Bunia iwe mji usio na silaha zinazoonekana, amri ambayo kwa maneno yake iligusa bunduki za mabegani kuliko bastola za viunoni. Mkazi aliyeishi miaka ile ya vita akiona uvimbe chini ya shati la jirani hafikirii kujihami, na kwa sababu hiyo kuificha bastola vizuri hapa ni heshima kwa wanaoishi karibu kabla ya kuwa ujanja dhidi ya adui.

Kitu cha kwanza kutazamwa kwenye chuma chenyewe ni namba. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Kongo ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, inadai kila silaha iwe na alama za utambulisho, na bastola iliyokwanguliwa namba kwa tupa haistahili kupimwa zaidi, hata ikiwa inang'aa, kwa kuwa hakuna kibali kinachoweza kuihusu. Baada ya namba, silaha ikiwa imetolewa risasi zote, mtutu huchunguzwa kwa kuupitishia mwanga: mistari ya ndani inayoizungusha risasi iwe mikali, pasiwe na vidimbwi vya kutu, na pasiwe na pete ya kivuli inayozunguka ukuta wa ndani, kwani pete hiyo ni dalili kwamba mtutu ulivimba siku risasi ilipokwama humo na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake. Kutu ya juu husuguliwa ikatoka, ila mtutu uliovimba hauna fundi.

Risasi nazo zina mtego wake. Neno "tisa" sokoni hufunika vitu viwili visivyobadilishana: tisa ya Parabellum, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, ina ganda la urefu wa milimita 19 na kichwa cha kipenyo cha milimita 9.01 hivi, ilhali tisa ya Makarov ina ganda la milimita 18 na kichwa kipana zaidi, karibu milimita 9.27. Jicho halioni tofauti hiyo ya robo ya milimita, lakini mtutu huihisi. Mjuzi husoma maandishi ya kwenye kitako cha ganda, hutupa upande kila risasi yenye ukungu wa kijani au fataki iliyobonyea (fataki ni kile kikombe kidogo cha katikati kinachowasha baruti), na hachanganyi risasi za vyanzo viwili katika magazini moja.

Kuhusu mitambo, maumbo manne yanatosha kufundisha mengine yote. Tokarev ya Kisovyeti ya miaka ya 1930, ambayo nakala zake za Kichina zimesambaa duniani, ni nyembamba, hufichika vizuri na ina nguvu, lakini katika umbo lake la asili haina kifungio cha usalama cha nje isipokuwa kituo cha katikati cha nyundo, nacho si cha kuaminiwa. Hiyo haibebwi na risasi ndani ya chemba, na mtu anayehitaji silaha iliyo tayari aiache. Browning iliyotoka kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji, mwaka 1935, yenye magazini ya risasi 13, ni kazi ya kupendeza mkononi, ila ili iwe tayari hubebwa nyundo ikiwa imeinuliwa na kifungio kikiwa juu, na kifungio cha matoleo ya zamani ni kidogo mno kwa dole gumba lenye jasho. Makarov ya mwaka 1951 hudharauliwa kwa sura yake ya kikarani na magazini yake ya risasi 8, lakini kifungio chake kinapopandishwa huishusha nyundo bila kuifyatua, na mvuto wa kwanza wa kifyatulio chake ni mrefu na mzito, jambo ambalo mlenga shabaha hulichukia na mbebaji hulishukuru. Glock, iliyopokelewa na jeshi la Austria mwaka 1982, haina kifungio cha nje hata kimoja. Vizuizi vyake vitatu viko ndani yake na juu ya kifyatulio chenyewe, kwa hiyo chochote kinachokivuta vilivyo, kiwe kidole, kamba ya koti au ukingo wa ngozi, huifyatua. Katika silaha hiyo ala ni sehemu ya mtambo.

Ndiyo maana ala hukaguliwa kwa ukali. Ifunike kifyatulio chote pande zote mbili, kwa kitu kigumu kiasi kwamba kidole kikibonyeza kutoka nje hakihisi kinachosogea ndani. Mdomo wake ubaki wazi bastola ikiwa imetoka, kwa maana ngozi laini hunyauka, mdomo hukunjika kuelekea ndani, na siku moja mkunjo huo huingia mahali pa kidole. Ishike silaha tupu hata ikigeuzwa juu chini na kutikiswa, na kipimo hicho kina uzito wa pekee kwa mtu anayepanda pikipiki katika barabara ya kushuka Kasenyi, ambako kila shimo hukijaribu kiuno upya. Fundi viatu hodari anaweza kushona ala ya namna hiyo iwapo ataachiwa kigezo cha mbao chenye vipimo vya bastola badala ya bastola yenyewe. Ubora wa kazi yake huonekana katika mshono wa mistari miwili kwenye mdomo, katika ngozi nene isiyopindika kwa vidole viwili, na katika kitanzi kinachoubana mkanda bila kucheza. Ngozi, hata hivyo, hunywa jasho na kulirudishia chuma pamoja na chumvi yake, kwa hiyo usiku bastola hutolewa humo, hupanguswa na kupakwa mafuta membamba. Plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa joto hainywi maji wala kulegea, ingawa huikwaruza rangi ya chuma, hasara ambayo haina budi kukubaliwa.

Mahali pa kuvaa ni pembeni mwa nyonga, nyuma kidogo ya mfupa, chini ya shati la kitenge lisilochomekwa au koti ambalo jioni za Bunia, mji ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, hulihalalisha. Katikati ya mgongo hapafai, kwani anayeanguka chali huangukia chuma kwenye uti wa mgongo. Mkanda uwe mgumu. Mkanda laini huilegeza hata ala bora. Ishara ya mbebaji asiyefunzwa ni mkono unaorudi kiunoni kila dakika kuhakikisha.

Mbebaji hupimwa pia kwa anachokijua kuhusu kuta. Nyumba nyingi za mji zimejengwa kwa miti na udongo, mbao au mabati, na risasi ya tisa yenye koti la shaba hupita mabati na mbao bila kupoteza nguvu ya kuua, ikawafikia waliolala upande wa pili. Kanuni ya nne kati ya zile zilizoenezwa na Mmarekani Jeff Cooper, ile ya kumtambua mlengwa na kilicho nyuma yake, ina uzito hapa kuliko katika miji ya saruji. Tatu za kwanza ni fupi: kila silaha ihesabiwe kuwa na risasi, mdomo wa mtutu usielekezwe kwa kisichokusudiwa kuharibiwa, na kidole cha shahada kikae nje ya kifyatulio mpaka shabaha iwe mbele ya macho. Nyumbani silaha hufungiwa kwenye sanduku la chuma lililokazwa ukutani, ufunguo ukiwa mwilini mwa mwenyewe, wala si juu ya kabati ambako watoto hufika mapema kuliko wazazi wanavyodhani.

Kati ya Tokarev mpya inayong'aa isiyo na karatasi na Makarov iliyochubuka yenye namba, kibali, ala ngumu na sanduku la kufungia, ya pili ndiyo ya kuchukuliwa. Asiyeweza kupata vitu vyote vinne pamoja atumie fedha hizo kwa mlango wa chuma na komeo mbili.