Uovu wa Hadharani: Namna Nairobi Half Life Inavyomgeukia Mtazamaji

Francis Ford Coppola alipotengeneza The Godfather, iliyotoka mwaka 1972, mpiga picha wake, Gordon Willis, aliweka taa juu ya kichwa cha Marlon Brando hadi macho yakamezwa na kivuli, tusiweze kusoma anachowaza Don Corleone. Nje kuna harusi na jua kali. Ndani, gizani, mtu anaomba damu ya wenzake. Mwishoni mlango unafungwa usoni pa Kay, mke wa Michael, mwanawe Don. Maadili ya filamu nzima yamo katika mlango huo: uovu ni shughuli ya chumbani, na asiyehusika huwekwa nje. Filamu nyingi za magenge zimerithi giza lile. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, imelikataa, na naamini humo ndimo nguvu yake ilimo.

Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anauza DVD kijijini huku akiwachezea wateja vipande vya filamu za mapigano, kisha anafunga safari kwenda Nairobi kusaka uigizaji. Kwa msomaji wa Soni, milimani Usambara, safari hiyo haihitaji ufafanuzi: ni ya kijana anayeshuka kona za kwenda Mombo na begi moja na namba ya simu ya ndugu aliyeko Dar es Salaam. Muda mfupi baada ya kufika, Mwas anaporwa barabarani, watu wakiwa wamejaa. Hakuna mlango wa kufunga, hakuna kivuli cha kujifichia. Kuna wapita njia tu, nasi tumesimama kati yao. Kisha anatupwa mahabusu, anakoamriwa kusafisha choo kilichofurika kinyesi. Anaanza kwa kichefuchefu, kisha anaigeuza adhabu kuwa mchezo, akijitupa na kutamba kama aliye jukwaani. Wenzake wanamtazama, na mmoja wao ni Oti (Olwenya Maina), kiongozi wa genge. Hapo ndipo filamu inapofunga fundo lake: kipaji kitakachompa nafasi kwenye tamthilia ndicho kinachompa nafasi kwenye wizi wa spea za magari. Kote kuwili anahitaji watazamaji.

Wapo watakaosema kamera ya mitaani ni matokeo ya bajeti ndogo, si hoja ya kimaadili. Ufinyu wa fedha unaweza kueleza kwa nini huna taa. Hauelezi kwa nini unaumalizia mkasa mzima mbele ya hadhira. Polisi waliokuwa wakishirikiana na genge wanaligeukia kwa risasi, Mwas anaponea chupuchupu, kisha anakwenda kupanda jukwaani na kusema na watu waliokaa vitini. Coppola aliunganisha ubatizo na mauaji ili tuuone unafiki wa Michael. Gitonga anaunganisha mauaji na tamthilia, na anayeulizwa ni aliyenunua tiketi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba genge linapendeza mno: lina utani, udugu na ujasiri, na kijana asiye na kazi anaweza kulitamani. Ni kweli linapendeza, na filamu ingekuwa ya uongo kama lisingependeza, kwa maana hakuna anayeingia kundini kwa kuchukia wenzake. Lakini angalia wanachokipata: vioo vya magari, taa, bei ya kubembeleza kwa mnunuzi, na askari anayedai fungu lake. Corleone anaachia mwanawe himaya. Oti hana cha kumwachia mtu.

Ninapoona mbinu hii ya kumgeukia mtazamaji ikilegea ni kwa Amina, mwanamke anayeuza mwili wake. Tunamwona zaidi kupitia macho ya Oti na Mwas. Filamu inayotushtaki kwa kutazama bila kutenda ilipaswa kumpa naye nafasi ya kututazama.