Ni steji ama ni viatu? Twiti moja ilivyoinyoosha tasnifu

MWANAFUNZI mmoja wa uzamili alinikuta mkahawani karibu na Yaya Centre, mtaani Kilimani, akiwa na bahasha ya kaki kwapani na uso wa mtoto aliyefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Pendekezo lake la utafiti lilikuwa limerudishwa kwa mara ya tatu. Sarufi haikuwa na kasoro, alinihakikishia, na kweli haikuwa nayo. Pambizoni mwa ukurasa wa kwanza, msimamizi wake alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu: "Fafanua." Naye kila alipoambiwa afafanue, aliongeza maneno.

Nilimwomba anisomee sentensi ya kwanza. Nainukuu kwa idhini yake:

"Utafiti huu unadhamiria kufanya uchunguzi wa kina kuhusu suala zima la matumizi ya maneno ya kumrejelea msikilizaji katika muktadha wa mawasiliano baina ya watoaji na wapokeaji wa huduma za usafiri wa umma, kwa kuzingatia vigezo mbalimbali vya kiisimujamii ambavyo vimekuwa na mchango mkubwa katika uteuzi wa maneno husika jijini Nairobi."

"Niendelee, mwalimu?" aliuliza.

Nikamwambia apumzike kidogo. Kahawa yangu ilikuwa imepoa na bado sikujua anachunguza nini. Nikamuuliza, kwa lugha ya kawaida, ni kitu gani alichokiona garini hata akataka kukitafiti.

"Ah, hicho nilishakiandika Twitter," akasema, akitoa simu. (Mtandao huo ulipewa jina la X mnamo Julai 2023, lakini jina hilo bado halijakaa vizuri midomoni mwetu.) Akanionyesha:

"Makanga wa 46 humwita mama anayepandia Kawangware 'mathe', na anayepandia Yaya humwita 'madam'. Umri haubadilishi neno. Steji ndiyo hubadilisha."

Wasomaji wapendwa, hapo nilielewa mara moja. Zaidi ya hayo, nilitaka kubishana naye. Kwangu mimi hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba mtu amesema jambo.

Tuzilinganishe kauli hizi mbili. Sentensi ya pendekezo ina maneno 50, na 11 kati yake ni yale ya a-unganifu: wa, la, ya, za, vya. Limefungwa hili kwa lile, na lile kwa jingine, kama mabehewa yasiyo na injini. Humo hamna makanga, wala matatu, wala mama. Kuna "watoaji" na "wapokeaji wa huduma", ambao wangeweza kuwa wauguzi na wagonjwa, au mawakala wa M-Pesa na wateja wao. "Vigezo mbalimbali" havitajwi hata kimoja. Vigezo hivyo "vimekuwa na mchango mkubwa", ila mchango wenyewe haujulikani umeelekea wapi. Na "unadhamiria kufanya uchunguzi" ni nini, jameni, kama si "unachunguza"?

Twiti ina alama 140 na ushei. Ina mtu, njia, vituo viwili, maneno mawili yanayoshindana, na dai: kituo, wala si umri, ndicho kinachoamua neno. Dai hilo laweza kuwa uongo. Laweza kupimwa na mtu yeyote mwenye nauli na kalamu. Sentensi ya maneno 50 haiwezi kuwa uongo kwa sababu haijadai chochote, na hicho ndicho kinga yake. Mwanafunzi hujifunza mapema kwamba asiyesema kitu hawezi kukosolewa, na akishafuzu hufundisha wengine vivyo hivyo.

Hapa sina budi kukiri jambo. Nilipomuuliza alikoitoa sentensi ile, alisita, kisha akaniambia kwa heshima zote kwamba alifuata mfano wa makala fulani. Makala yenyewe ni yangu. Nilirudi nyumbani nikayafungua, na kweli, aya ya pili inaanza kwa "suala zima la".

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini Kiswahili cha kitaaluma kimenenepa namna hii, ilhali lugha yenyewe ni ya mkato kwa maumbile. Tazama kitenzi "alimwita". Aliyeita yumo, wakati umo, aliyeitwa yumo, yote katika silabi nne. Lakini mwandishi wa tasnifu hukikimbia kitenzi hiki na kujificha katika nomino. Atasema "uitaji", "uteuzi wa maneno", "ufanyikaji wa mawasiliano". Kitenzi kikishageuzwa nomino, viambishi vinavyotaja mtenda, mtendwa na wakati huanguka njiani, na a-unganifu huingia kuziba pengo. Mintarafu ya urefu, basi, tatizo si wingi wa maneno peke yake. Urefu huo mara nyingi ni alama kwamba kuna mtu amefichwa. Nani alimwita nani? Lini? Ukirudisha kitenzi, sentensi hujifupisha yenyewe bila hata kushikiwa mkasi.

Kuna jambo la hesabu ambalo wanafunzi wetu hawaambiwi. Twitter ilipoanza mnamo 2006 ilitegemea ujumbe mfupi wa simu, ambao kikomo chake ni alama 160. Alama 20 ziliwekwa kando kwa ajili ya jina la mtumiaji, zikabaki 140. Mnamo Novemba 2017 kikomo kilipandishwa hadi 280, lakini si kwa lugha zote: Kijapani, Kichina na Kikorea ziliachwa palepale. Sababu ni kwamba maandishi yake hubeba mengi katika alama chache. Kampuni hiyo ilikuwa imeeleza kwamba asilimia 9 ya jumbe za Kiingereza zilikuwa zikigonga ukuta wa 140, huku za Kijapani zikiwa asilimia 0.4 tu. Kwa maneno mengine, kikomo kimoja hakizibani lugha zote sawa.

Kiswahili kiko wapi hapo? Inategemea kinachohesabiwa. "Hatutawaandikia" ni herufi 15, na kwenye simu zinakula nafasi. Lakini ni neno moja, na Kiingereza kingehitaji maneno sita kusema hayo. Sasa vyuo huweka kikomo cha ikisiri kwa maneno, si kwa herufi. Anayeandika ikisiri ya maneno 300 kwa Kiswahili, akivitumia vitenzi vyake ipasavyo, ana uwanja mpana kuliko mwenzake anayeandika kwa Kiingereza. Tumepewa uwanja huo, nasi tunaujaza "suala zima la".

Wapo watakaosema ufupi huu ni ugonjwa wa vijana wa mitandaoni. Hao nawakumbusha kwamba washairi wetu walikuwa wakihesabu silabi karne nyingi kabla ya simu kuvumbuliwa. Ubeti wa shairi la tarbia lenye mizani 16 kwa kila mshororo una silabi 64, basi. Amri Abedi alipochapisha sheria za utunzi mwaka 1954 alikuwa akiandika kanuni za ufundi uliokuwapo zamani. Kabla yake, Muyaka bin Haji wa Mombasa aliibeba siasa nzima ya mji wake katika beti za namna hiyo, na walengwa walielewa barabara kwamba wametajwa wao. Hata kanga huwa na ujumbe wa mstari mmoja tu, na jirani anayekusudiwa hahitaji ufafanuzi.

Mfano wa karibu zaidi sote tuliuona hapa Nairobi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa andiko la kitaalamu lililojaa marejeleo ya sheria nyingine. Haukuwa na sentensi inayomwambia raia kwamba mkate wake utapanda bei. Ulichopendekeza ni kufuta aya inayoutaja mkate katika jedwali la sheria ya VAT, miongoni mwa bidhaa zinazotozwa asilimia sifuri. Asiyekuwa na sheria mama mkononi angeipita aya hiyo bila kushtuka. Vijana waliisoma, wakafungua jedwali, kisha wakaandika mtandaoni kwa maneno machache: mkate utatozwa VAT ya asilimia 16. Wengine walijirekodi wakiuelezea mswada kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao, kifungu kwa kifungu. Mnamo Juni 18 kamati ya bunge ilitangaza kuiondoa kodi ya mkate. Yaliyofuata tunayajua, ikiwemo Juni 25, bunge lilipovamiwa na watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada ule.

Naona kazi ile ilikuwa ya kitaaluma kwa kila hali. Kusoma matini ngumu, kuirejelea kwenye chanzo chake, kisha kumtaja atakayelipa: hayo ndiyo tunayowafundisha wanafunzi wa uhakiki, au tuseme, ndiyo tunayodai kuwafundisha.

Lakini nisiusifu ufupi kupita kiasi. Katika mswada uohuo kulikuwa na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Baadhi ya jumbe nilizozisoma wakati huo ziliishia hapo. Mswada ulikuwa umeongeza kwamba kodi hiyo isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Sasa piga hesabu. Mwenye gari la shilingi milioni 6, akisoma ujumbe ule mfupi, angedhani atalipa 150,000, ilhali angelipa 100,000. Mwenye kigari kikuukuu cha shilingi 120,000 angedhani atalipa 3,000, kumbe ni 5,000. Ujumbe uliodhamiria kumtetea mnyonge ulimfichia kwamba yeye ndiye angebanwa kuliko asilimia 2.5. Kilichokatwa kilikuwa sharti, na masharti ndiyo yanayouma.

Kwa hiyo simwelewi mtu anayetaka tasnifu ziandikwe kama twiti, na nimewasikia wawili watatu wakitamka hivyo. Dai laweza kubanwa katika alama 280. Ithibati haibaniki. Idadi ya safari, saa za kurekodi, namna ya kuomba idhini ya makanga, visa vilivyokwenda kinyume na dai: haya yanahitaji kurasa, nayo yapewe kurasa. Ninachokikataa ni kurasa hizo kuandikwa kabla mwandishi hajajua dai lake. Mwambie aliandike kwanza kwa namna ambayo abiria wa 46 ataielewa na kuipinga. Akishindwa, sura ya kwanza ingoje.

Tena abiria walipinga kweli. Chini ya ujumbe wa yule mwanafunzi kulikuwa na majibu mengi, mengi yake vichekesho na machache matusi. Katikati yake, mtu asiyetumia jina lake halisi alikuwa ameuliza: "Ni steji ama ni viatu?"

Maneno matano. Binti alicheka alipoyasoma mara ya kwanza. Tulipoyasoma pamoja pale Kilimani hakucheka. Huenda makanga hamwangalii mama amesimama wapi, anamwangalia amevaa nini, na kwa kuwa wanaopandia Yaya wengi wametoka ofisini, kituo na mavazi vinakwenda pamoja na kumdanganya mtafiti. Hilo ni swali la mtahini. Ni swali ambalo lingemtoa jasho siku ya kutetea tasnifu, baada ya miaka miwili ya kazi, wakati ambapo kurudi steji kurekodi upya kungekuwa kumepitwa na wakati na pesa zimekwisha. Amelipata bure, mapema, kwa sababu dai lake lilikuwa wazi kiasi cha mpita njia kuliona tobo. Sentensi ya maneno 50 ilipita mikononi mwa wasomi mara tatu na hakuna aliyeuliza habari za viatu. Wangeulizaje? Haikuwa na miguu.

Msimamizi wake, nilipozungumza naye kwa simu, hakufurahia habari za Twitter. Alisema utafiti unaoanikwa mtandaoni kabla ya kutetewa unajishushia hadhi, na kwamba wezi wa mawazo hawalali. Kuhusu wezi nakubaliana naye kabisa, na nilimshauri mwanafunzi aufute ujumbe ule na kuanzia sasa madai yake ayaandike kwenye daftari, kwa kipimo kilekile, kisha awasomee wenzake watano wasiosomea isimu. Kuhusu hadhi tulibishana hadi salio langu likaisha. Yeye anaamini mwanafunzi lazima kwanza aonyeshe kwamba anaijua rejista ya taaluma. Mimi nasema rejista hiyo tumeifanya vazi la harusi: huvaliwa ili uonekane, wala huwezi kulifanyia kazi.

Pendekezo limeandikwa upya. Sentensi ya kwanza sasa ina maneno 18, na makanga amepata kiti ndani yake. Bado halijapitishwa. Wiki iliyopita mwanafunzi alinitumia picha ya daftari lake akiwa ndani ya 46. Amechora safu nne: kituo, saa, neno, viatu. Katika safu ya nne ameandika "ngozi", "sapatu", "ngozi", "raba", na pembeni ya huyo wa raba, aliyepandia Yaya saa moja asubuhi, ameandika neno aliloitwa na kulipigia mstari mara mbili: "mathe".